Kinachoizeesha Betri Kabla ya Wakati Wake

Katika kazi yangu ya kupima betri, hakuna ushauri ninaousikia mara nyingi kama ule wa kuacha chaji iishe kabisa kabla ya kuchaji tena. Ulikuwa na mantiki enzi za betri za nikeli na kadimiamu. Kwa betri za ioni za lithiamu, zilizoingia sokoni mwaka 1991, kuishusha betri hadi sifuri kila mara huichosha zaidi kuliko kuichaji kidogo kidogo.

Betri inapochajiwa, ioni za lithiamu (chembe zenye chaji ya umeme) hutoka kwenye kathodi, yaani upande chanya wa betri, na kuingia katika anodi, upande hasi, iliyotengenezwa kwa grafaiti, aina ya kaboni. Juu ya grafaiti hiyo hujengeka utando mwembamba unaozuia elektroliti (kimiminika ambamo ioni hupita) isiendelee kuharibika, nao ni wa lazima. Tatizo ni kwamba huendelea kunenepa miaka yote, na kadiri unavyonenepa ndivyo unavyomeza lithiamu ambayo haitarudi tena kazini. Joto huuharakisha, na volti kubwa ya betri iliyojaa pia. Kwa hiyo simu iliyojaa asilimia 100, ikalazwa chini ya mto ikiwa bado kwenye chaja, huzeeka usiku kucha ingawa hakuna anayeitumia. Yangu nimeiwekea kikomo cha asilimia 80, na kifaa ninachokihifadhi kwa miezi kadhaa hukiacha na chaji karibu nusu, mahali penye ubaridi. (Ubaridi wa kuhifadhia, si wa kuchajia: chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, lithiamu inaweza kunata juu ya grafaiti ikiwa metali badala ya kupenya ndani yake.)

Hata hivyo, naona si haki kumtwika mtumiaji mzigo wote. Betri nyingi za simu hutumia metali ya kobalti, ambayo sehemu kubwa ya uchimbaji wake duniani hufanyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kisha simu nzima hutupwa kwa sababu betri imegandishwa kwa gundi kiasi kwamba fundi anayeibandua huhofia kuitoboa na kuiwasha moto. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni inayotaka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa katika hali chache. Kwa maoni yangu, skrubu nne na utepe wa gundi unaovutika vingeokoa kobalti nyingi kuliko programu yoyote ya kudhibiti chaji.