Je, Wajua Yai la Kondoo Hutolewaje Tumboni?

Idi ya Mfungo Tatu, uani kwa jirani hapa Lamu, kondoo jike alikuwa ameshachunwa na matumbo yake yako kwenye sinia. Kando ya mji wa mimba palikuwa na vitu viwili, kila kimoja kama lozi, vimetoka malengelenge madogo ya maji. "Hapo ndipo mayai yalipo," nikasema. Mchinjaji akacheka: "Kwani kondoo hutaga, mwalimu?"

Hatagi, ila mayai anayo. Zile lozi ni ovari, na ndani ya kila lengelenge mna yai lisilofika milimita 0.2, dogo mfano wa chembe ya mchanga laini wa Shela. Kwa kawaida kondoo hubeba mimba miezi 5 hivi, akazaa mmoja au wawili. Mwenye jike wa asili nzuri huona huko ni kuchelewa. Ndiyo maana kuna wafugaji, wa Australia kwa mfano, wanaovuna mayai yakatungishwe maabarani, mimba zilelewe na majike wengine.

Kazi ni kuyafikia. Kwa ng'ombe, daktari huingiza mkono kwenye njia ya haja kubwa, akaishika ovari kupitia ukuta wa utumbo, huku sindano ikipitia ukeni. Kondoo mkono haumwingii. Imebaki kupitia tumboni.

Siku chache kabla, hudungwa homoni ili malengelenge yakue mengi kwa pamoja. Kisha hunyimwa malisho siku nzima, maana tumbo likijaa majani huziba njia, tena anaweza kucheua akiwa usingizini na kupaliwa. Akishapigwa dawa ya usingizi hulazwa chali, kichwa chini, makalio juu, ili matumbo yateremkie upande wa kifua. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi hadi likatuna kama tanga lililopata upepo. Hutobolewa vitundu vitatu hivi: kimoja cha kamera, kimoja cha koleo la kushikia ovari, kingine cha sindano iliyounganishwa na pampu.

Hapo kwenye pampu ndipo penye ufundi. Ikivuta kwa pupa, yai huvuliwa joho la seli linalolizunguka, na yai lililo tupu ni shida kupevuka. Lililosalimika huwekwa kwenye joto la nyuzi 39 hivi kwa saa 24, ndipo likutanishwe na mbegu za dume. Baada ya siku 6 au 7, kiinitete hupandikizwa kwa jike mwingine.

Na kondoo aliyekwisha kuchinjwa? Naye huvunwa. Ovari hutumbukizwa kwenye maji ya chumvi yenye uvuguvugu ndani ya chupa ya chai (isiyo na chai, bila shaka) na kukimbizwa maabarani, kwani mayai hubaki hai kwa saa kadhaa. Nilipomweleza mchinjaji hayo, zile lozi mbili zilikuwa zimeshaliwa na paka.