Wati za kwenye stika na wati za juu ya bati

Mawingu ya masika yakianza kutanda juu ya Dar es Salaam, malalamiko ya sola huongezeka mezani kwetu: "Nimeuziwa paneli feki, TV inazima saa tatu usiku." Baadhi ni feki kweli. Mengi siyo, na kabla ya kumtuhumu muuzaji ni vyema mwananchi asome kwanza lebo iliyo mgongoni mwa paneli yake.

Namba ya Pmax, yaani nguvu ya juu kabisa ya paneli, tuseme wati 200, hupimwa maabara: mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzi joto 25. Nyuzi 25! Juu ya bati la Mbagala saa saba mchana, seli hufika 60 na zaidi. Kila nyuzi inayozidi 25 hupunguza takribani asilimia 0.35 ya nguvu, hivyo wati 200 hubaki kama 175, na hapo hatujagusa vumbi, waya mwembamba wala kivuli cha mwembe. Paneli inataka mwanga, haitaki joto. Fundi anayeilaza juu ya bati bila kuacha upenyo wa hewa wa sentimita 10 hivi anaipika. Iinamishwe nyuzi 10 hadi 15, uso kaskazini.

Tena, Dar hupata wastani wa saa 4.5 hadi 5 za jua kamili kwa siku, yaani mwanga wa siku nzima ukikusanywa kwa kipimo kile cha maabara cha wati 1,000, si 12. Paneli ya wati 200, ukitoa upotevu, hukupa kama wati-saa 650 siku nzuri. Feni ya wati 50 usiku kwa saa nane hula 400. TV ya wati 50 kwa saa tano, 250. Zimekwisha. Taa bado, simu bado, na wapo wanaotujia na paneli hiyo hiyo wakidai iendeshe friji.

Sasa feki zenyewe. Dukani Kariakoo muuzaji huchomeka mita, inasoma volti 21, mnunuzi anaridhika. Volti hizo hazithibitishi kitu: paneli ya wati 20 nayo husoma 21, hata kukiwa na mawingu. Nguvu iko kwenye ampea, yaani kiasi cha umeme unaopita, na stika ya uongo hudanganya hapo. Nenda na futi ya fundi cherehani, upime ukubwa wa paneli. Paneli nzuri za sokoni hutoa takribani wati 200 hadi 230 kwa mita ya mraba. Yenye urefu wa mita 1.2 na upana wa mita 0.54 haifiki hata mita ya mraba 0.65, ikiandikwa wati 300, hiyo stika imeandikwa na mtu, si na maabara. Kwenye lebo tafuta pia IEC 61215 na IEC 61730, viwango vya kimataifa vya paneli, ingawa maandishi nayo hughushiwa.

Hatutaji chapa, na makala haya si hukumu dhidi ya mfanyabiashara yeyote.

Anayetaka kulalamika azingatie utaratibu. Kwanza, risiti ya EFD (mashine ya risiti ya kielektroniki) yenye kutaja bidhaa na wati zake. "Vifaa vya sola" peke yake haitoshi. Pili, mwandikie muuzaji, ubaki na nakala. Tatu, usibandue lebo wala usikate plagi za nyaya. Suala la ubora lipelekwe TBS (Shirika la Viwango), la bidhaa bandia au tangazo la kupotosha FCC (Tume ya Ushindani), na la fundi asiye na leseni ya ufungaji umeme EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji). Ukilipeleka pasipo husika, litazungushwa, nawe utasema serikali haisikii. Bidhaa ikithibitika ni bandia hukamatwa na kuteketezwa, na aliyeiuza anaweza kutozwa faini au kushtakiwa. Ndiyo maana uchunguzi haufanywi kwa haraka.

Na paneli yenyewe iletwe. Picha ya stika iliyopigwa kwa simu haipimiki.