Helikopta ya South Central

Mara ya kwanza kuangalia Boyz n the Hood, filamu ya 1991 kuhusu vijana weusi wa South Central, eneo la Los Angeles, Marekani, nilikuwa kidato cha pili, ndani ya kibanda umiza, Dar es Salaam, tumebanana kwenye mabenchi. Ilikuwa mkanda wa kutafsiriwa. Mtafsiri aliongea juu ya waigizaji mwanzo hadi mwisho, na alikuwa hodari kwelikweli: bila yeye nisingeelewa kwa nini mama yake Tre, mhusika mkuu, alimpeleka mwanawe akaishi kwa baba. Lakini sauti yake ilifunika kila kilichokuwa chini yake. Miaka ilipita, nikawa mhariri wa sauti za filamu, na usiku mmoja nikairudia nikiwa nimevaa hedifoni. Nusu ya filamu ilikuwa imenipita.

Inaanza gizani. Hakuna picha. Unasikia vijana wakijibizana kwa hasira, kisha risasi, ving'ora, na mtoto akilia kwamba wamempiga kaka yake. Maandishi yanasema mwanaume mmoja kati ya 21 weusi wa Marekani atauawa. Ndipo inakuja picha ya kwanza: kibao chekundu cha barabarani kinachoamuru kusimama, kamera ikikisogelea, na ndege ikikatiza angani nyuma yake. Mimi huisoma hivi: kuna watu wanaondoka, wanapita juu kabisa, na huku chini mtoto ameambiwa asimame.

John Singleton, aliyeiandika na kuiongoza, alikuwa mtoto wa Los Angeles. Alipopiga picha hizi mwishoni mwa 1990 alikuwa na miaka 22, ametoka tu chuoni. Bajeti ilikuwa takriban dola milioni 6. Marekani peke yake filamu iliingiza zaidi ya milioni 57. Akiwa na miaka 24 alipendekezwa kwa Oscar ya mwongozaji bora, mtu mweusi wa kwanza na kijana kuliko wote waliowahi kupendekezwa. Hayo husimuliwa sana. Mimi nataka tuisikilize.

Sikiliza helikopta. Matukio ya usiku yanapofika, inakuja: mngurumo mzito, wa chini, unaokaribia, unazunguka, unaondoka, unarudi. Mara chache taa yake inamulika. Mara nyingi ni sauti tu, na wahusika hawainui hata kichwa. Hapo ndipo kazi ilipofanyika. Singleton angetaka kutuonyesha kwamba mtaa huu unalindwa kama gereza, angeweza kuandika hotuba. Badala yake ameacha mngurumo upite juu ya watu wanaocheza domino, wanaotongozana, wanaofanya mazoezi ya shule, nao wanaendelea kama vile sisi tunavyoendelea mvua ikipiga bati.

Sauti ya aina hii, ambayo chanzo chake kipo nje ya fremu, ina nguvu kwa sababu ya maumbile yetu. Jicho hufumba, sikio halifumbi. Tena sauti nzito hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba, kwa hiyo unapoisikia helikopta ndani ya chumba cha kulala, mwili wako unaamini kwamba hata kitanda hakina kificho. Na haikutungwa kwa ajili ya sinema. Polisi wa Los Angeles wamekuwa na helikopta tangu 1956. Machi 1991, filamu ikiwa imeshapigwa lakini haijatoka, mkazi mmoja aliamshwa na kelele hizohizo, akachukua kamera yake ya video na kuwarekodi polisi wakimpiga dereva mweusi, Rodney King.

Jambo la pili ni dogo mno na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Ricky, yule kijana wa mpira wa Kimarekani, ameuawa kichochoroni akitoka dukani. Rafiki yake Tre, ambaye si ndugu yake wa damu lakini wamekua pamoja, ameingia kwenye gari la kulipiza kisasi. Nyumbani, baba yake, Furious, ambaye Laurence Fishburne anamwigiza kwa utulivu unaotisha, anamngoja. Hasemi. Anazungusha mkononi mipira miwili midogo ya chuma. Mlio wa chuma kwa chuma, ndani ya nyumba iliyo kimya. Mwongozaji mwingine angeweka vinanda vya huzuni hapo, na tungeambiwa tuhisi nini. Ile mipira inafanya jambo gumu zaidi: inahesabu muda. Kila mgongano ni sekunde ambayo mtoto hajarudi. Mzazi yeyote aliyewahi kukaa sebuleni usiku akisubiri mlango ugongwe anaujua huo muda, na nikiwafundisha vijana kazi hii ndipo ninapoanzia.

Tre anaomba ashushwe garini. Doughboy, ndugu yake Ricky, anamshusha bila ubishi. Ice Cube anayemwigiza, ambaye wakati ule watu walimjua kama rapa aliyetoka kundi la N.W.A., anaikubali ile hali kwa uso tu.

Nenda sasa mpaka asubuhi ya mwisho. Doughboy amekaa na Tre kwenye ngazi za baraza. Amewasha televisheni asubuhi hiyo, anasema, wakazungumzia dunia yenye vurugu na kuonyesha nchi za mbali, lakini habari za kaka yake hazikuwepo. Anainuka, anavuka barabara kurudi kwao, na umbo lake linayeyuka kwenye picha akiwa bado anatembea. Maandishi yanatuambia kwamba kesho yake alimzika kaka yake, na baada ya wiki mbili naye akauawa.

Filamu ilianza kwa kutupa mauaji ya sauti tupu, bila picha. Kifo hiki cha mwisho hakina picha wala sauti. Hakuna mlio wa risasi, hakuna king'ora, hakuna anayelia. Ukiwa na hedifoni, ongeza sauti kabisa pale anapovuka barabara.