Mtoto wa jicho hasubiri mtoto akue
Hapa Dar es Salaam bado husikika ushauri kwamba mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho asubiri akue ndipo apasuliwe, kana kwamba jicho huona peke yake, bila ubongo. Sivyo. Watafiti wa ubongo David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walishona kope za jicho moja la paka wachanga. Zilipofumuliwa baada ya wiki kadhaa, jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini seli za gamba la ubongo linalopokea picha, karibu zote, ziliitikia jicho jingine tu. Paka wazima waliofanyiwa hivyo hivyo hawakudhurika. Mtoto wa jicho, ule ukungu wa lenzi, naye huziba picha kama kope zilizoshonwa, ubongo ukiwa bado mchanga. Basi mzazi wa Mbagala anayemwinua mwanawe mlangoni penye mwanga akaona weupe katikati ya mboni, namsihi ampeleke kliniki ya macho wiki hiyo hiyo.