Alizeti za Van Gogh hazikuwa za kuaga

Sebuleni kwa shangazi yangu hapa Nakuru pana nakala ya mchoro wa alizeti za Vincent van Gogh. Wageni husema yaleyale ambayo wengi wameamini miaka nenda miaka rudi: maua yananyauka, basi mchoraji alikuwa anaaga dunia. Si kweli.

Van Gogh alianza kuchora alizeti hizo mjini Arles, Ufaransa, Agosti 1888, karibu miaka miwili kabla ya kufa. Alikuwa anapamba nyumba kwa ajili ya rafiki yake, mchoraji Paul Gauguin, aliyetarajiwa kuja kukaa naye. Ni maua ya kumkaribisha mgeni! Baadaye, katika barua, aliyahusisha na shukrani.

Hebu sogea uyatazame yale yaliyopukutisha petali. Vichwa vimenenepa, vimejaa mbegu. Mkulima wa alizeti kule Bungoma hawezi kusema hilo ni ua lililokufa. Yeye huanza kutafuta gunia. Na ule ukahawia kwenye michoro yenyewe? Kwa sehemu ni kazi ya muda, maana baadhi ya rangi za manjano alizotumia, zenye kromiamu, hugeuka kahawia zikipigwa na mwanga.

Shangazi ameutundika mkabala na mlango. Ndipo mahali pake hasa.