Mtoto bure, kiti si bure

Wiki hii nimeandikiwa tena: "Kaka, pasi ya treni ni nafuu, watoto wanapanda bure." Safari hii ni baba aliyekuja na wanawe watatu kumtembelea dada yake Brussels. Anataka awapeleke Paris, walale usiku mmoja, wauone mnara, warudi. Pasi za Eurail, zile za kupandia treni za Ulaya kwa wasioishi Ulaya, keshaziweka kikapuni mtandaoni, bado kulipa tu. Nikamwambia aweke simu chini kwanza.

Pasi ya nchi nyingi, iliyo ndogo kabisa, ni ya siku nne za kusafiri ndani ya mwezi. Yeye anazihitaji siku mbili tu, ya kwenda na ya kurudi. Hesabu imeshakataa hapo.

Lakini kinachoniudhi ni hilo neno "bure". Kweli, mtoto wa miaka 4 hadi 11 hupewa pasi bila malipo, wawili kwa kila mtu mzima. Huyu ana watatu na yuko peke yake, kwa hiyo mmoja itabidi alipiwe. Shangazi mtu hasaidii: anaishi huku, pasi yake ni Interrail, ya wakazi wa Ulaya. Tuyaache hayo. Pasi inakuruhusu kusafiri, haikupi kiti. Eurostar, treni ya kasi ya kutoka stesheni ya Bruxelles-Midi, Brussels, kwenda Gare du Nord, Paris, hupandi bila kiti ulichokwisha kuwekesha, na kiti kinalipiwa kwa kila kichwa, yule wa "bure" naye yumo! Tena viti vya wenye pasi ni vichache. Vinaweza kuisha huku tiketi za kawaida bado zinauzwa, ukabaki na pasi yako unaipungia treni mkono. Na yote haya kwa safari isiyofika hata saa moja na nusu.

Bure ya kweli ipo Ujerumani. Huko mtoto wa miaka 6 hadi 14 akiwa na mzazi halipi nauli, mradi umemwandikisha kwenye tiketi unapoinunua. Treni nyingi hazikulazimishi kuwekesha kiti.

Ninaposita mimi ni saa ya kurudi. Zamani nilikuwa nawakatia wenye watoto treni ya usiku ili wafaidi siku nzima. Familia mbili zikanilaumu, watoto walilala juu ya mabegi stesheni. Sasa nakata ya alasiri, nalaumiwa kwamba nimewakatisha matembezi. Bado sijapata dawa.

Yule baba amekata tiketi za kawaida. Jana kaniuliza kama viza yake hiyohiyo ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, itawafikisha London. Haiwafikishi.