Je, wajua kwa nini wadudu huzidi baada ya kupiga dawa?

Mkulima wa mpunga anapiga dawa, kesho yake wadudu wamelala chini kama pumba. Wiki chache baadaye shamba limekauka rangi ya kahawia, utadhani limepitiwa na moto. Atasema ameuziwa dawa feki. Feki zipo, sikatai, lakini mara nyingine dawa ilikuwa kali kwelikweli, ila iliwamaliza walinzi.

Indonesia walilipa gharama ya somo hili. Miaka ya 1970 na 1980 serikali ilitoa ruzuku kubwa ya viuadudu, na wakulima wakapiga bila kubana mkono. Adui alikuwa mdudu wa kahawia, mdogo kuliko punje ya mchele, anayekaa chini kwenye shina akifyonza utomvu. Kadiri walivyopiga, ndivyo alivyozidi.

Siri iko kwenye mayai. Jike huyaficha ndani ya ala ya jani, ambako dawa nyingi za kupuliza haziyafikii. Huku nje dawa inafagia buibui wanaowinda kwa kukimbia, pamoja na kidudu chembamba cha kijani, jamii ya kunguni, ambacho kazi yake ni kuyanyonya mayai hayohayo. Yakianguliwa, watoto wanakuta shamba halina askari. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai na kizazi hukamilika kwa mwezi hivi. Buibui haendi na kasi hiyo.

Halafu mwindaji hatulii. Mharibifu amejibanza ananyonya. Buibui anazunguka shamba zima, kila hatua anakanyaga sumu, na akila, anakula mawindo yenye sumu. Aliyepona naye hukosa chakula, akahama. Linalonishangaza mimi zaidi ni hili: baadhi ya dawa za jamii ya pairethroidi, zikimpata jike wa mdudu huyu kwa kiasi kisichomuua, humfanya atage zaidi.

Novemba 1986 Rais Suharto alipiga marufuku dawa 57 kwenye mpunga, na kufikia 1989 ruzuku ilikuwa imefutwa. Mwaka huohuo wakulima wakaanza kufundishwa, kwa msaada wa FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, kuingia shambani na kuhesabu wadudu na buibui kabla ya kushika bomba. Mafunzo hayo ndiyo yaliyotufikia Afrika Mashariki kwa jina la shamba darasa.

Kwenye sukuma wiki yenye vidukari mambo ni yaleyale. Geuza jani: ukiona kidudu cheusi kirefu, chenye vimiiba na madoa ya rangi ya chungwa, usikidhanie kiwavi. Huenda ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa mgongo mviringo wenye madoa meusi, na vidukari ndio chakula chake.